Unauza zeze, ngoma au nyatiti mtandaoni? Njoo ujifunze kwa mafundi wa banjo

Wauza mitumba wa Makoroboi na kina dada wa vipodozi, leo mtatuvumilia kidogo. Posti hii ni ya wenzetu wanaouza vitu vya mikono, hasa vyombo vya muziki: zeze, ngoma, nyatiti, litungu, marimba. Shida yao kubwa tunaijua. Mteja wa nje anaona picha, anaipenda, anauliza bei, anakubali. Akisikia gharama ya kutuma na habari za forodha, kimya. Ameshapotea. Au mbaya zaidi, analipa, mzigo unatoka, halafu unakamatwa njiani na hela yote inaishia hapo.

Kuna watu wametembea njia hii miaka mingi na wameshapata majibu ya mambo mengi tunayohangaika nayo. Ni mafundi wa banjo.

Banjo ni chombo cha nyuzi. Shingo yake ndefu kama ya gitaa, ila tumbo lake ni duara lililowambwa kama ngoma. Ukiiona tu unajua ina undugu na vitu vya kwetu, na kweli asili yake ni Afrika. Watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika Magharibi waliendelea kutengeneza vyombo vya vibuyu na ngozi kule Karibiani na Marekani, na vyombo hivyo ndivyo vikaja kuwa banjo. Wajola wa Senegal na Gambia mpaka leo wanapiga akonting, kibuyu na ngozi na fimbo ndefu. Mtu wa Dodoma akiiona atauliza hili zeze la nani.

Kule Marekani banjo ndiyo moyo wa muziki unaoitwa bluegrass. Jina limetoka kwenye bendi ya Bill Monroe wa Kentucky, Blue Grass Boys. Mwishoni mwa 1945 alijiunga nao kijana Earl Scruggs, aliyedonoa banjo kwa vidole vitatu kwa kasi ya ajabu, na tangu hapo kila kijana akataka banjo kama yake. Sasa hapa ndipo biashara inapoanzia. Muziki huu haukujengwa na redio peke yake, umejengwa na matamasha. Bill Monroe alianzisha lake Bean Blossom, Indiana, mwaka 1967. Telluride kule kwenye milima ya Colorado lilianza 1974. MerleFest ya North Carolina ilianza 1988. Watu wanakwenda na mahema, wanakaa siku kadhaa, na jioni jukwaa likifungwa wao ndiyo kwanza wanaanza: wanakaa duara kambini na kupiga wenyewe mpaka usiku wa manane.

Umeona hiyo? Msikilizaji wa tamasha hilo ni mpigaji pia. Kwa hiyo fundi wa banjo akitandika meza yake pale, kila anayepita mbele ni mteja mtarajiwa. Na mafundi wenye akili hawaweki kibao cha "usiguse". Wanakupa chombo mkononi, wanakuachia ukae nacho, wengine wanakuruhusu ukiingize kwenye duara la kambini ukapige na wenzako. Mtu akishapiga chombo nusu saa, akasikia sauti yake, akasifiwa na jirani, kukirudisha mezani ni kazi. Hata kama hana hela siku hiyo ataondoka na kadi, na miezi mitatu baadaye ataandika meseji. Kwa maneno mengine, mauzo yale ya mtandaoni yalishafanyika tamashani, mtandao ulikuja kupokea hela tu.

Mfano ninaoupenda zaidi hautoki Marekani. Unatoka Ucheki. Mwaka 1964 mwimbaji wa Marekani Pete Seeger alipiga banjo yake ya nyuzi tano mjini Prague. Enzi hizo nchi ilikuwa Chekoslovakia, ya kikomunisti, banjo ya namna hiyo haikuwepo dukani na kuiagiza ilikuwa ndoto. Kijana mmoja, Marko Čermák, aliyekuwepo pale ukumbini alitafuta picha za ile banjo, akakadiria vipimo kutoka kwenye picha, akatengeneza ya kwake. Mwaka 1973 wenzake wakaanzisha tamasha, Banjo Jamboree, na lipo mpaka leo. Kizazi kilichofuata kikazaa mafundi hasa, akiwemo Jaroslav Průcha, ambaye banjo zake zinanunuliwa mpaka Marekani kwenyewe. Fikiria mtu anakwenda kuwauzia Waha migebuka na wanainunua! Hawakuanza na mtaji mkubwa wala kiwanda. Walianza na tamasha la nyumbani ambalo wapigaji wake waliwapa kila mwaka lawama za kweli: shingo inapinda, uzi unakwaruza, sauti inakufa. Wakarekebisha, wakarudi mwaka unaofuata.

Turudi kwetu. Mtu wa Kanda ya Ziwa hana haja ya kumwonea wivu Mcheki, kwa sababu tamasha la nyumbani tunalo. Bulabo, pale Bujora, Kisesa, kilomita kama 20 kutoka mjini ukishika barabara ya Musoma. Linafanyika kila Juni, karibu na sikukuu ya Ekaristi Takatifu. Kuliunganisha na sikukuu hiyo ni kazi ya Padre David Clement, Mkanada aliyeanzisha kituo cha Bujora na makumbusho ya Wasukuma. Ngoma zinashindana kwa pande mbili kuu, Bagika na Bagalu, vyama vilivyobeba majina ya waanzilishi wao, Ngika na Gumha. Na mashindano yenyewe ni darasa la biashara. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na watu wako huru kuhama. Aliyevuta umati mkubwa ameshinda. Ndiyo maana wachezaji wanakuja na vituko vipya kila mwaka: nyoka, majembe yanayorushwa hewani, mavazi ya kushangaza. Wanasema zamani (na wengine mpaka leo) manju hakwendi uwanjani bila dawa ya kuvuta watu. Wafanyabiashara wenye dawa ya mvuto chini ya meza, mnajijua, hamkuanza ninyi.

Ila ukienda Bulabo kama muuzaji usitegemee kuuza ngoma ishirini siku hiyo. Wengi waliokuja ni wenye ngoma zao. Unakwenda kufanya mambo mawili. Kwanza kuangalia chombo chako kikipigwa na mtu anayekijua, siyo kikiwa kimening'inia ukutani. Pili kurekodi. Video ya sekunde arobaini, chombo kinapigwa na manju mwenyewe, vumbi linatimka, watu wanashangilia, inauza kuliko picha hamsini za chombo kimelazwa kwenye kitenge. Ila mwombe ruhusa manju, mtaje jina kwenye posti, na mwachie chochote. Sauti ni mali yake.

Baada ya hapo yapo matamasha ambayo wageni wanafika na hela mfukoni. Sauti za Busara, Zanzibar, linafanyika Februari kwenye Ngome Kongwe tangu 2004. Bagamoyo kuna tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa, la tangu miaka ya 1980. Nauli ya Mwanza mpaka Zanzibar na mzigo wa ngoma siyo mchezo, najua, kwa hiyo nenda na vyombo vichache vya kujaribiwa na kadi nyingi. Hesabu safari hiyo kama gharama ya matangazo. Ukiihesabu kama siku ya mauzo utarudi umenuna.

Na soko la nje lipo? Lipo, na limeshafunguliwa na watu wetu wenyewe. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, alizunguka dunia na zeze na ilimba, akarekodi na Real World, kampuni ya Peter Gabriel wa Uingereza, na mwaka 2002 alimfungulia Gabriel jukwaa kwenye ziara yake. Vyombo alivyopiga alivitengeneza mwenyewe. Ng'ambo ya ziwa, Ayub Ogada wa Kenya aliipeleka nyatiti ya Wajaluo kwenye matamasha ya WOMAD, na wimbo wake ukaingia kwenye filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005. Yupo mpaka dada wa Kijapani, Eriko Mukoyama, anayejulikana kama Anyango, aliyekuja Kenya kujifunza nyatiti na sasa anaipiga kwao Japani.

Mwaka huohuo wa 2005 mpiga banjo maarufu wa Marekani, Béla Fleck, alikuja na banjo yake Uganda na Tanzania, kisha Gambia na Mali, kutafuta asili ya chombo chake. Alipiga na familia ya Zawose, na Anania Ngoliga, mpiga ilimba na zeze asiyeona. Filamu na albamu zilizotokana na safari hiyo zinaitwa Throw Down Your Heart, yaani bwaga moyo, jina alilolichukua kutoka Bagamoyo, na albamu ilipata tuzo ya Grammy mwaka 2010. Ngoliga na John Kitime wakaitwa Marekani kuzunguka naye majukwaani. Kwa hiyo wapo wapiga banjo huko ambao masikio yao yameshazoea ilimba. Wakitafuta pa kununua wanakuta nini? Wengi wetu tunaandika "bei inboksi" kwa Kiswahili chini ya picha yenye giza. Andika bei. Andika urefu kwa sentimita, idadi ya nyuzi, aina ya mbao, aina ya ngozi, na jina la fundi. Mnunuzi wa chombo anauliza vipimo kama mnunuzi wa suruali anavyouliza kiuno.

Sasa tuingie kwenye ngozi, maana hapa ndipo watu wanapofilisika na wengine kuishia mahakamani.

Ngozi ya kenge inasifiwa kwa sauti kali, na ngoma ndefu ya Waganda, engalabi, ndiyo inayowambwa hiyo. Chatu naye anapendwa kwa madoa yake. Usiguse. Kenge na chatu wapo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na hapa nyumbani Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inahesabu ngozi, makucha, pembe na miiba ya mnyamapori kuwa nyara za Serikali. Kukutwa nazo bila kibali ni kesi, hata kama hujauza. Hata ile miiba ya nungunungu unayoona imependezesha kofia ya mchezaji, usiishonee kwenye zeze la kuuza. Mwambie fundi wako tangu siku ya oda: ngozi ya mbuzi au ya ng'ombe, na andika hivyo kwenye tangazo, maana mnunuzi makini wa nje atauliza.

Hata ya mbuzi ina masharti yake. Mwaka 2006 mtengeneza ngoma mmoja huko New York aliugua kimeta baada ya kufanya kazi na ngozi mbichi zilizotoka Ivory Coast. Ndiyo sababu maofisa wao wakiona nywele kwenye ngoma wanashituka. Ngozi iliyobaki na manyoya inapendeza kwenye picha, lakini ni kualika matatizo. Tumia iliyonyolewa, iliyolowekwa chokaa na kukaushwa vizuri, kisha mwone ofisa mifugo akuelekeze cheti kinachotakiwa na nchi mzigo unakokwenda. Kwa kibuyu na mbao, cheti cha afya ya mimea kinatoka TPHPA. Mdudu mmoja anayetoboa mbao akionekana Australia, mzigo wote unaweza kuteketezwa, na mteja atakudai wewe, hatamdai yule mdudu.

Mpingo nao una sheria zake. Uliingizwa kwenye orodha ya CITES mwaka 2017, kilio kikawa kikubwa kwa watengeneza klarineti duniani, na tangu Novemba 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vimeondolewa kwenye masharti hayo. Vilivyokamilika. Kipande cha mpingo ambacho "mteja atamalizia mwenyewe" hakimo, na kwa mbao yoyote waulize TFS kabla hujafunga boksi.

Mbao yenyewe iwe kavu. Hili wateja wetu wa ndani hawalisemi kwa sababu hewa ya Mwanza haikaushi sana, ziwa liko hapo. Mpeleke huyo nyatiti Ulaya Desemba, kwenye nyumba inayopashwa joto mchana na usiku, mbao uliyokata mwezi uliopita itapasuka kama udongo wa kiangazi. Ngozi nayo inajivuta mpaka inachanika, au ikikutana na unyevu inalegea na sauti inakufa. Wenzetu wa banjo walichoshwa na hilo. Zamani waliwamba ngozi ya ndama, ila tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 wengi wamehamia plastiki. Sikushauri uwambe plastiki kwenye zeze, utaua sauti ambayo mteja anaifuata. Nakushauri mbao ikae kivulini miezi, siyo wiki, na chombo kiende na maelezo mafupi: kisiwekwe karibu na hita, ngozi ikilegea ipashwe taratibu, ikikaza sana legeza nyuzi.

Halafu gharama ya kutuma. Watu wanapima kilo, wanashangaa bili. Kampuni nyingi za usafirishaji wa haraka hutoza kwa uzito au kwa ukubwa, kile kilicho kikubwa. Ukubwa wanauhesabu hivi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 5,000. Zeze la kilo 3 kwenye boksi la 90 × 35 × 35 linatoa 110,250. Ukigawa unapata kilo 22. Unalipia kilo 22 kwa ajili ya hewa! Sasa mwambie fundi asigandishe fimbo kwenye kibuyu, atengeneze vya kuchomoka. Kibuyu kiende kwenye boksi la 35 × 35 × 35, ambalo ni kilo 8.6, na fimbo kwenye boksi lake la 90 × 10 × 10, kilo 1.8. Jumla kilo 10.4, chini ya nusu. Mteja mtumie video ya dakika moja ya kuunganisha. EMS ya Posta nayo ina utaratibu wake na ukomo wa vipimo, kwa hiyo uliza kaunta kabla hujatengeneza boksi, siyo baada.

Kwenye kufunga: legeza nyuzi, usizitoe kabisa. Toa kidaraja, kizungushie kitambaa. Ndani ya kibuyu jaza karatasi zilizokunjwa ili kisibonyezwe. Boksi ndani ya boksi, katikati pamba au vipande vya godoro. Kwenye fomu ya forodha andika ukweli, "chombo cha muziki cha mkono, mbao, kibuyu, ngozi ya mbuzi", na bei halisi. Ule mchezo wa kuandika "zawadi, dola 10" unakugeukia mzigo ukipotea, maana fidia italipwa ya dola 10. Kwa mteja wa Marekani mwambie mapema kwamba kuna ushuru: tangu Agosti 29, 2025 waliondoa ule msamaha wa vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800. Akiujua kabla ataulipa. Akiukuta mlangoni atarudisha mzigo.

Bei nayo. Tuseme fundi anakuuzia zeze kwa 60,000. Usafiri wa kulifuata 8,000, boksi na vifungashio 15,000, vyeti na nauli za kuzungukia ofisi 30,000, bando na video 10,000. Hapo ni 123,000 na hujajilipa, hujaweka la kuvunjika. Ukiuza 150,000 kwa sababu "mzungu atakimbia", umefanya kazi ya siku tatu kwa 27,000, na likirudi moja limepasuka umekula faida ya karibu matano. Pandisha, na sehemu ya ongezeko impandie fundi pia. Najua wapo wanaomlipa fundi wa Ukerewe bei ya sokoni huku wenyewe wanauza kwa dola. Fundi ana simu, naye siku moja ataona tangazo lako.

Jambo moja la mwisho kutoka kwa wenzetu. Kampuni ya Deering ya California, iliyoanza 1975, inatengeneza banjo za gharama kubwa zenye nakshi, lakini pia ina banjo inayoitwa Goodtime, isiyo na madoido, ya bei ya mwanafunzi, ya karakana ileile. Anayeanza na hiyo, akikomaa anarudi kununua kubwa. Kwa nyatiti inawezekana kabisa: moja isiyochorwa, mbao imara, nyuzi nane, kwa anayejifunza. Na kwenye kila boksi weka nyuzi za akiba. Nyatiti ya siku hizi inafungwa mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, kitu ambacho mtu wa Mwanza anakipata kwenye duka lolote la zana za uvuvi. Roli moja inatoa nyuzi za wateja wengi, haina cheti, haipasuki na inaingia kwenye bahasha. Mteja wa Osaka uzi ukimkatikia usiku, atakuandikia wewe.